Mama Anataka Kwenda Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha familia leo, saa tatu kamili. Familia gani nyingine hukaa kikao kila Jumatatu, na skrini ukutani? Mdogo wangu mwisho wa meza, wifi kulia kwake, mimi karibu na mlango ili nikisikia Mama amekohoa nitoke. Ajenda tatu. Ya kwanza Mama. Ya pili Mfuko wa hisani wa kampuni. Ya tatu nimeisahau—bustani, nadhani.

Mama wiki hii ana rangi ya njano. Kila siku yake hupewa rangi: kijani akitulia, njano akiwa hivi hivi, nyekundu akilia au akikataa dawa. Mdogo wangu aliutazama ule mstari wa rangi kwa muda, kisha akauliza swali lake la siku zote: takwimu zinasema nini? Nilitaka kumwambia takwimu zimelala chumba cha pili kutoka hapa, aende akaziulize. Lakini kampuni yake aliijenga kwa swali hilo hilo, na mkate ninaokula unatoka huko.

Ni mwezi wa saba tangu Mama apooze upande wa kulia na sauti kuondoka. Anasikia kila kitu. Anaelewa kila kitu. Akili ile ile, jicho lile lile lililokuwa likinitoa jasho nikichelewa kurudi kutoka shule. Mdomoni inatoka pumzi tu.

Naandika kwenye daftari la mistari kama yale ya wanafunzi wangu enzi nafundisha. Ni kosa. Kila anayeishi nyumba hii ametia sahihi kwamba hatasema wala kuandika yanayotokea ndani—mpishi, dereva, mtunza bustani. Na mimi! Mimi niliyembeba huyo bosi wao mgongoni mpaka alipojua kutembea. Nilitia sahihi bila kusoma. Wifi alinipa kalamu yake nzuri ya kusainia, nikaondoka nayo, na ndiyo hii naandikia.

Alhamisi, 6 Machi

Tableti ya Mama imekamilika. Imeletwa na yule mama mhandisi wa kampuni ya mdogo wangu. Cheo chake ni kirefu hata mwenyewe akikitaja anavuta pumzi katikati, kwa hiyo mimi namwita Fundi wa Sauti. Amefurahi kuitwa hivyo.

Vitufe vikubwa, kila kimoja na picha na neno. Mama anagusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, tableti inasema. Inasema kwa sauti yake yeye mwenyewe Mama.

Sauti hiyo imetoka kwangu. Mama hakupenda kuandika meseji, alikuwa akirekodi. Miaka tisa amenirekodia: umeamka, umekula, mvua imefika huko, yule jirani amerudi na mambo yake. Sikufuta hata moja. Elfu moja na mia moja na ushee. Mdogo wangu alipotafuta kwake alipata nne, maana kila mwaka hubadilisha simu. Alivyokuja kuniomba zangu alikuwa mpole, anaongea chini chini kama siku zile alizokuwa anataka nimfichie kosa. Nikampa simu nzima. Siku mbili nilizokaa bila ile simu nilikuwa sijijui.

Basi leo Mama akagusa kitufe cha kwanza. "Nina kiu," ikasema tableti.

Sauti yake! Ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Mdogo wangu aligeukia dirishani. Mimi sikugeukia popote, nililia pale pale mbele za watu. Wifi naye akatoa kitambaa. Mama akatutazama mmoja mmoja, akagusa tena: "Nina kiu." Kumbe kweli alikuwa na kiu, na hakuna aliyekumbuka maji.

Jumapili, 9 Machi

Niseme haki. Mfuko huu si maneno matupu. Wifi alinionyesha video ya seremala mmoja mzee, hakusema kitu miaka miwili. Wamempa tableti ya majaribio. Familia yote imemzunguka, wanangoja neno lake la kwanza, mke ameshika leso tayari. Mzee akatafuta kwa kidole dakika nzima. "Zimeni redio." Miaka miwili alikuwa anateswa na ile redio! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona kwamba nalia.

Tableti mia tatu zitagawiwa, bure, kwa watu waliopoteza sauti. Wifi ndiye anayeuendesha Mfuko, na anaufanyia kazi kweli kweli, hata kula anasahau. Sina ubaya naye. Ila karatasi ya uzinduzi wa Mfuko imeandikwa "sauti ya Mama iliyohifadhiwa na familia". Familia! Nikasoma mara mbili nikamrudishia.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mdogo wangu hutenda wema, halafu hubaki pale pale apigwe picha. Nilimtania hivyo wakati wa chai. Hakucheka. Akasema bila picha watu wengine wenye uwezo hawatachangia. Labda ni kweli, mimi sijawahi kuwa na cha kugawa.

Uzinduzi ni Jumamosi tarehe ishirini na mbili, kwenye nyumba yetu ya zamani. Vyumba vitatu na kile cha nyuma, mdogo wangu alikoanzia biashara yake na kompyuta mbili mbovu. Mfuko umeinunua pamoja na nyumba mbili za jirani, sasa inakuwa mahali pa wageni kuja kutazama tulivyoishi. Mama ndiye atakayezindua. Yeye hajaambiwa bado. Niliuliza kwa nini, wifi akasema daktari hataki apate mshtuko wa furaha.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Mama amekigundua kitufe cha "Nyumbani". Kiko ukurasa wa pili, na picha ya kijumba chenye bomba la moshi. Nyumba yetu haijawahi kuwa na bomba la moshi maishani mwake, lakini Mama alielewa. Akagusa: "Nataka kwenda nyumbani."

Nikamwambia, Mama, hapa ni nyumbani kwa mwanao. Akaniangalia tu. Akagusa tena. Wakati wa chai akagusa. Wakati wa kunyoosha mguu akagusa. Nikimlisha, kijiko kikiwa mdomoni, kidole kiko kwenye kitufe. "Nataka kwenda nyumbani. Nataka kwenda nyumbani." Mpishi aliacha trei mlangoni akakataa kuingia, alisema roho inamuuma. Mpaka saa kumi alasiri Mama alikuwa amegusa mara sitini na tatu. Si mimi niliyehesabu, ni programu.

Saa kumi na moja akaja Fundi wa Sauti. Tableti yenyewe imempelekea taarifa kwamba kitufe kimoja kinaguswa kupita kiasi. Akakaa na mimi ukumbini, akaniuliza taratibu: Mama ana tabia ya kurudia rudia? Kidole kinamtetemeka? Kwa baadhi ya wagonjwa hutokea, alisema, kidole kinaganda mahali pamoja bila mwenyewe kukusudia, na programu inaweza kufundishwa isihesabu hayo.

Nilikuwa nimechoka. Mgongo, masikio, kila kitu. Nilichotaka ni kunyamaza kwa ile sauti—sauti ya mama yangu, niliyolilia wiki iliyopita!

Nikasema ndiyo, dada. Wakati mwingine kinamtetemeka.

Na ni kweli. Humtetemeka akishika kikombe.

Ijumaa, 14 Machi

Kijani jana, kijani leo. Mdogo wangu amekuja mwenyewe kukaa na Mama, akamshika mguu nusu saa nzima huku anasoma barua zake. Anasema ametulia, umeona? Nimeona.

Nyumba kimya. Nimekunywa chai ikiwa moto.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kikao. Skrini. Mama kijani siku nne. Chini yake mstari mdogo, na mimi mwalimu, sipiti mstari mdogo bila kuusoma: "Hitilafu: kugusa kwa kurudia. Hali: imetatuliwa." Nikauliza ni nini hicho. Fundi wa Sauti, aliyeitwa kikaoni leo, akaeleza, na uso unang'aa, maana ni kazi nzuri ameifanya. Kitufe kikiguswa zaidi ya mara tatu mfululizo, programu inachukulia ni mtetemo. Kinanyamazishwa. Kikiendelea kuguswa, kinahamishwa ukurasa wa mwisho, kwenye "Mengineyo", ili vitufe vingine vipate nafasi. Tableti zote mia tatu zitatoka hivyo hivyo.

Nikauliza nani amesema Mama anatetemeka.

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe, dada. Ulithibitisha Jumatano."

Wote wakanigeukia. Mdogo wangu akasema asante, dada, umesaidia sana. Asante! Nikatoka bila kuaga.

Chumbani, Mama alikuwa anafungua kurasa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, anarudi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku zote hizi nilidhani anachezea ile skrini, nikafurahi kwamba amepata kitu cha kumpotezea muda. Nikachukua tableti, nikapekua mpaka ukurasa wa tisa. Kiko pale, kati ya "Rangi" na "Hali ya hewa". Nikamwekea mbele.

Akagusa. Kimya. Akagusa tena, akabonyeza kwa nguvu mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Kimya.

Nikasema mimi, kwa mdomo wangu: "Nataka kwenda nyumbani." Akafumba macho. Machozi yakamtoka jicho moja, lile linaloweza.

Tangu hapo hataki kuigusa. Nikimsogezea anaisukuma. Nimemwomba radhi, nimeeleza yote, hadi ile chai niliyokunywa ikiwa moto. Sijui kama amenisamehe, hana tena cha kuniambia nacho.

Jumanne, 18 Machi

Nimemfuata mdogo wangu ofisini kwake, kile chumba chenye zulia ambalo hata viatu havisikiki juu yake. Nilijiandaa kugombana. Hakunipa nafasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu, akasema kitufe kitarudishwa, hilo ni jambo dogo. Ni la siku mbili tatu, wapime kwanza. Kisha akatabasamu. Anataka nyumbani? Si tunampeleka Jumamosi!

Nikamuuliza na baada ya hapo. Saa mbili, akasema, halafu anarudi. Daktari yuko hapa, mitungi ya hewa iko hapa, kila kitu chake kiko hapa.

Nikamwambia Mama haombi matembezi. Anaomba akakae kwake, kwenye kitanda chake, mpaka siku yake ifike. Mimi nitakaa naye. Niliishi pale miaka ishirini na mitatu bila mtungi wa hewa.

Akaweka kalamu chini.

"Dada, baba alifia pale akisubiri gari. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nikamsikia anavyotafuta pumzi, nikashindwa kutoka. Unakumbuka wewe ulivyokimbia barabarani?"

"Nakumbuka."

"Basi Mama hatafia pale. Lolote lingine niombe, nitakupa. Hilo usiniombe tena."

Ni kweli nilikimbia. Bila viatu. Nilipungia mkono magari matano na hakuna lililosimama, na niliporudi Mama alikuwa ameshamfunika baba kwa shuka. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Sikujua kwamba alisikia. Miaka yote hii tulidhani alikuwa na vile vitu vyake masikioni, na mimi moyoni nilimlaumu.

Kwa hiyo ana uchungu wake, na mimi nauona. Lakini uchungu huo umejenga nyumba ya vyumba kumi na vinne, na Mama ndiye aliyefungiwa humo. Sikumwambia hilo. Nimetoka, nimempa Mama dawa zake, nimeangalia tableti mara mbili. Kitufe hakijarudi.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi kanichukua kwenda kukagua nyumba ya zamani. Alitaka jicho la mtu aliyeishi pale, akasema. Sawa.

Wamepaka ukuta rangi ile ile ya kijani hafifu, wamekwangua kipande cha plasta wakakipima. Sufuria za Mama ziko kwenye rafu, lakini nilipotaka kuinua moja haikuinuka. Zimegongomewa misumari! Bomba la jikoni halitoi maji. Choo kimekuwa stoo ya nyaya. Meza yetu ililiwa na mchwa zamani, kwa hiyo wametengeneza mpya, kisha wakamlipa fundi mwingine aichakaze. Nikapitisha mkono juu yake. Wameweka hadi duara la sufuria ya moto, upande ambao hatukuwahi kuweka sufuria.

Chumba cha Mama kina kamba nyekundu mbele ya kitanda, na kibao: Tafadhali usiguse. Mlango ni ule ule, na komeo lake lile lile. Wifi akaniuliza mto ukae upande gani. Nikamwonyesha. Akauhamisha mwenyewe, akaulainisha kwa kiganja, akauliza tena kama ni hivyo. Wakati ule nilimpenda kabisa, wifi yangu.

Kisha akanieleza utaratibu. Mama ataingizwa kwanza, apewe dakika kumi za faragha, mimi na yeye. Halafu wageni. Halafu atasema sentensi tatu: anashukuru, amefurahi, yuko tayari kuona wengine wakipata sauti. Nikasema Mama haigusi tena tableti. Wifi akasema wanajua, ndiyo maana mume wake ataandika zile sentensi kutoka simu yake mwenyewe, na tableti itazisema.

Nikauliza: "Kwa hiyo sauti ya Mama inaweza kusema lolote mtu atakaloandika?"

"Ni siku hiyo moja tu, wifi," akasema. Na akaanza kuzungumzia maua.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimemwambia Mama. Nimesema, kesho tunakwenda nyumbani.

Hilo tu. Sikusema saa mbili. Sikusema wageni. Nilifungua mdomo niendelee, nikamwona uso—nusu inayotii ilikunjuka yote. Nani angeendelea?

Akaanza kunionyesha kwa kidole. Kabati. Begi kubwa, si lile dogo. Gauni la bluu, viatu vya nyumbani, chanuo, picha ya baba. Blanketi. Kila nikifunga zipu anatikisa kichwa, kuna kingine. Anahama, mama yangu. Mtu anayekwenda kutembea habebi blanketi.

Nikapakia vyote. Mwisho nikafungua droo ya dawa nikasimama. Za siku moja ningeweka kwenye mfuko wa sketi. Nikachukua za mwezi mzima, na kile kipimo cha presha, nikavitia chini ya blanketi. Sikuulizwa na mtu na sijajiuliza.

Dereva aliposhika begi akasema, dada, mnakwenda safari? Nikamwambia wazee wanapenda kubeba vitu. Uongo umenizoea siku hizi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwa penseli nyuma ya ratiba ya sherehe. Daftari liko kwenye begi na siwezi kuinuka, Mama ameshika mkono wangu wa kushoto.

Tumefika saa tatu na nusu. Mahema meupe, viti mia mbili, maua hadi kwenye paa. Mama hakuangalia hata kimoja. Kiti cha magurudumu kilipopita mlangoni akaanza kuhema haraka, tumbo linatikisika, nikaogopa nikainama kumtazama. Alikuwa anacheka! Bila sauti, lakini anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu augue.

Fundi wa Sauti akaweka tableti kwenye kiti karibu na kitanda, akatoka. Dakika kumi za faragha. Mama akaonyesha kitanda. Nikasema Mama, hiki ni cha maonyesho—na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe niliona aibu kuliko siku zote. Nikaifungua ile kamba. Nikamhamisha kama ninavyomhamisha kila siku, bega langu chini ya kwapa lake. Akalala, akavuta shuka kwa mkono mzima mpaka kidevuni, akashusha pumzi ndefu.

Nikaenda mlangoni nikatia komeo. Sikupanga. Au nilipanga, maana dawa za mwezi mzima nimebeba za nini?

Saa nne. Wifi amegonga mara mbili, kisha nikasikia viatu vyake vinakwenda haraka.

Saa nne na robo. Mdogo wangu yuko mlangoni. Hapigi kelele, hajawahi. Anasema watu wanasubiri, yule seremala amekaa mstari wa mbele na mke wake. Nimemwambia Mama amelala nyumbani kwake, waendelee na sherehe, hatuna ubaya na mtu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Hapa daktari yuko mbali, dada. Ikitokea kitu, utakimbilia wapi?"

Namwangalia Mama kifua, kinapanda na kushuka vizuri. Lakini naogopa. Wacha niandike hivyo hivyo: naogopa. Akifia hapa itakuwa ni mimi, na yeye mdogo wangu atakuwa amesimama tena nyuma ya ukuta anasikia.

Mama haogopi. Ananiangalia na amenishika mkono.

Nje kimya. Nadhani ameondoka.

Tableti imewaka yenyewe.

"Mwanangu, fungua mlango."

Sauti ya Mama. Na Mama yuko hapa kitandani, mdomo umefumba, macho yamemtoka, anaangalia kile kiti.

Nimesimama. Sijui nimesimama saa ngapi. Nina miaka hamsini na minane, na najua ni mdogo wangu anayeandika, lakini sauti ile ikiniambia fungua mwili haunisubiri. Mkono wangu nimeuchomoa kwake, sikumbuki kuuchomoa. Niko katikati ya chumba. Mama anatikisa kichwa juu ya mto. Hapana. Hapana.

"Fungua, mwanangu. Mimi niko tayari."

Niko mlangoni. Ratiba nimeibana ukutani. Mkono mmoja uko kwenye komeo, mwingine unaandika, na nyuma yangu nasikia kitanda kinalia kwa jinsi anavyotikisa kichwa—